Samansi za Igoki

Makutano, Meru
9 Machi 1998

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo haiishi. Goti lako je? Mama bado anakuficha chumvi?

Wiki iliyopita hospitali ilinituma kwa mafunzo ya siku tatu, wauguzi na polisi pamoja, tujifunze kumtambua mke anayepigwa ambaye yuko karibu kuuawa. Nilifikiri tutaambiwa tuangalie waliovunjika mifupa. Mwalimu wetu, Bi. Makandi, akasema tuulize kwanza kama amewahi kukabwa koo. Aliyekabwa mara nyingi hana alama, ni sauti tu imekauka. Na hatari huzidi mume akijua kwamba mke ameshtaki. Wewe ni naibu wa chifu, wake hao huja kwako kabla ya kuja kwetu. Huwa unawauliza nini?

Halafu Baba, barua ya nyumbani haihitaji muhuri wa ofisi!

Binti yako,
Wambeti

Embu
20 Machi 1998

Kwako mama yangu, maana jina ulilobeba ni la mama yangu,

Sisi ni wazima. Goti linaniuma mvua ikikaribia, na chumvi bado inafichwa. Muhuri ni wangu, nitaupiga ninapotaka.

Mimi nimeamua kesi za ndoa miaka kumi na tisa bila mafunzo ya mtu. Mke akija, namwandikia mume samansi ya kumwita ofisini, na mke mwenyewe anaipeleka nyumbani. Wakija wote wawili tunasikizana. Anayenisumbua sasa ni Kivuti, yule seremala. Mke wake Igoki amekuja mara mbili. Hana jeraha, ila amefunga kitambaa shingoni na sauti imepotea kama ya mtu mwenye homa. Nilimwambia anywe maji ya ndimu. Nimempa samansi mbili na Kivuti hajatokea! Nikiuliza, Igoki ananiambia, "Amekataa kuja, mzee." Mtu wa kudharau serikali hivyo sijaona. Jumapili nitamwuliza kanisani mbele ya wazee.

Baba yako,
Njagi, Naibu wa Chifu

Makutano, Meru
26 Machi 1998

Baba,

Salamu utanisamehe. Barua yako imefika leo, nimeisoma nikiwa nimesimama wodini. Nimepiga simu ofisini kwako mara nne, haishiki. Hii nampa dereva anayekuja Embu sasa hivi.

Igoki amekabwa, Baba. Ile si homa. Usimwite Kivuti, usimwambie lolote. Mtoe mama huyo pale nyumbani, mpeleke kwa ndugu zake na askari wawe nawe. Na hizo samansi, una hakika alimpa? Wewe ungempa?

Jumapili imeshapita. Naomba Mungu uwe ulisahau.

Wambeti

Embu
11 Aprili 1998

Mama yangu,

Afya yangu usiulize. Mama yako anakusalimia.

Sikusahau. Baada ya ibada nilimwita Kivuti mbele ya wazee, nikamwuliza kwa nini amekataa samansi mbili nilizomtumia kwa mkono wa mke wake. Akasema, "Samansi gani, mzee?" Nilidhani ananichezea. Igoki alikuwa amesimama pale na akina mama wengine, akanitazama. Kivuti akaniomba msamaha kwa adabu, akasema Jumatatu watakuja wote wawili. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikala vizuri.

Jumatatu hawakuja. Jumanne asubuhi jirani alimkuta Igoki amekufa. Dereva wako alinikuta Alhamisi jioni nikiandika ripoti. Kivuti amekamatwa. Nami nimeandikisha taarifa kwa polisi, na nililosema kanisani sikulificha.

Dada yake Igoki alipokuwa akiwapikia waombolezaji uji, alizipata samansi zangu chini kabisa ya mkebe wa unga, zimekunjwa vizuri. Igoki hakumpa mumewe hata moja. Yeye hakufundishwa na mtu, Wambeti, na alijua. Alikuja kwangu nimsaidie, nikampa karatasi ya kumwua, akaificha. Alirudi, nikampa nyingine, akaificha pia. Halafu mimi nikaipeleka kwa mdomo wangu mwenyewe. Naona aibu, na silali.

Muulize Bi. Makandi kama anapokea wazee. Nitakaa nyuma na sitabishana. Kuna mama mwingine amenijia jana na kitambaa shingoni, nikashindwa nianze na swali gani. Yuko hapa jikoni na mama yako. Niandikie upesi.

Muhuri nimeuacha ofisini.

Baba yako,
Njagi