Sufuria ya Matabisi

Kazi moja, 6/7/1970

Kama Mungu angekuwa na butike, minye Symphorien ningeingia kununua kiberiti na ningetoka na malaika moja ya matabisi. Hakuna mwenye duka mu Likasi nzima mwenye alisha kuniuzisha kintu bila kuongeza matabisi, kile kidogo ya bure. Bagriki, Bareno, bangwana—bote! Nikinunua chumvi, napewa kiganja ya karanga. Nikinunua karanga, napewa bonbon. Siku moja nilinunua bonbon, nikatoka na chumvi. Njo vile niko.

Juu ya ile, leo avenue yetu hapa Kikula ilinichagua. (Bon, haikunichagua. Nilisimama mbele ya bengine.) Tunataka sufuria ya kilio. Ile kubwa, ya kusongea bukari ya batu bote benye kuja kulia maiti. Sisi hatuna. Muntu akikufa kwetu, tunaenda kuazima kwa batu ba avenue ya chini. Na bale batu—kiburi! Wakati babu yetu, kambo muume, alikufa, balikuja kukamata sufuria yabo, bukari ikingali ndani. Balipindua bukari juu ya mukeka, pwaa! na bakaenda. Bageni bakakulia ku mukeka, sawa kuku. Kambo Julie, bibi yake, hajasahau.

Kambo iko na kikohozi tangu baridi ilianza. Anakaa karibu na mbabula, anaota moto, na kila asubui anamutuma dada yangu mudogo Rosalie ku butike na kikombe ya bleu kuleta sukari ya chai. Anasema: sikufe mbele ya sufuria kufika. Kunipikia mu sufuria ya kuazima? Jamais!

Na ananiita bwana yake, sawa vile kila kambo anaitaka mujukuu. Leo mbele ya batu bote: "Bwana yangu, benzangu banajengewa nyumba. Weye, hata sufuria?"

Nikamujibu: "Bibi yangu, vumilia kidogo. Utakufa muzuri sana!"

Tulicheka mpaka akakohoa.

Kazi mbili, 7/7

Nilienda na Stanislas, rafiki yangu, kuomba muchango ya sufuria ku maduka. Tuko na kravate moja, tunaivaa kwa zamu. Leo ilikuwa zamu yake, lakini nilimwambia mwenye kusema njo anavaa.

Mugriki wa karibu na gare aliona kravate, akafikiri tumetoka ku Chama. Hakungoja hata jambo. Akanyosha kidole ku ukuta: picha ya Président hapa, ingine hapa, ingine ku mulango ya stock. "Nilisha kununua! Ukuta imejaa! Mukileta ingine nitaitundika wapi, ku plafond?" Nikasema hapana patron, sisi ni ya sufuria. Akashika kichwa: "Sasa Chama inauzisha na sufuria?" Tukatoka. Alitupatia mukono na jasho yake, basi.

Tukaenda kwa Mama Marcelline, mwenye kuuzisha mukate. Nikaanza discours: maendeleo, umoja, machozi ya bajane. Aliniacha nimalize, akauliza neno moja tu. Mwaka jana komite ya avenue yenu ilikuja kuomba muchango juu ya ngoma ya église. Ile ngoma iko wapi? Stanislas akaangalia viatu. Minye nikasema iko mu njia, Mama. Akasema ndiyo, aliiona: iko mu tumbo ya Papa Dominique, chef wenu wa avenue, anaitembeza kila siku mbele yake. Akakamata fagio. Tulikimbia, lakini fagio iligusa kravate. Stanislas haniongeleshe tena.

Kazi tatu, 8/7

Akili yangu, baiweke mu chupa, baionyeshe ku masista!

Fikiri. Batu ba maduka balisha kuchoka na michango. Leo Chama, kesho église, kesho kutwa ekipi ya mpira. Lakini matabisi? Nani anakatalaka matabisi? Mwenye duka akikatala matabisi, hata kuku haitaingia tena mu butike yake.

Nikaenda kwa Papa Lukumani. Ni mungwana, Mwislamu wa Kasongo, kofia nyeupe pee, butike yake iko pa kona ya avenue yetu. Na ku plafond yake kunaning'inia sufuria—ee bamama! Minye naingia ndani, na mabega, na Stanislas na hasira yake. Haiuzike. Ni kubwa kupita jiko ya kila muntu.

Nikamwambia: Papa, usitoe kintu. Kila mutoto wa avenue akija kununua, ile bonbon ao karanga ya matabisi, usimupe. Uitupe mu sufuria. Siku sufuria itajaa, weye utabakia na vyenye viko ndani, sisi tutakamata sufuria.

Aligeuza kofia, akairudisha.

"Kijana, hapa unaniomba matabisi ya matabisi."

"Njo ile, Papa. Na kambo yangu anangojea. Maskini, hawezi kufa bila ile sufuria."

Nyuma ya kontwari, Binti, mutoto yake mwanamuke, akatoa kicheko: "Ah! Symphorien anaharakisha bibi yake akufe. Umepata mwingine?"

Discours yote ikapotea. Minye! Na kinywa hii! Papa Lukumani akasema sawa, amekubali, lakini nishike sheria: matabisi hairudishwe. Ikitoka imetoka. Nikasema merci Papa, nikageuka kutoka kama mukubwa, nikajigonga ku mulango. Mulango ilikuwa wazi.

Kazi ine, 9/7

Sufuria iko juu ya kontwari! Batoto banaenda kununua mafuta, banaona bonbon yabo inaruka mbele ya macho na kuanguka ndani, ting! Nilibaeleza: ni juu ya maendeleo. Kamoja kakauliza, maendeleo iko na chocolat?

Rosalie alirudi na kikombe ya sukari ya Kambo, mukono ingine bure. Aliniangalia. Sikupenda ile angalia.

Siku ya posho, 11/7

Batoto ba avenue bamegoma! Grève! Inakatazwa mu inchi nzima, lakini hakuna mwenye aliambia batoto.

Tangu asubui bamama banaita: weye, enda kuniletea chumvi! Kimya. Weye, kimbia kuleta kiberiti! Kimya. Bamekaa mu mustari pa ukuta, mikono mu kwapa, Rosalie katikati juu ya kinu. Banasema matabisi njo mushahara yabo. Hakuna mushahara, hakuna mbio. Mama yangu akaenda mwenyewe ku butike, akakutana na Mama Anne pa njia, bakasimama kidogo kusalimiana. Bukari ikaungua mpaka jirani bakafikiri nyumba.

Bamama bote banatafuta muntu wa kupiga. Banasema baanze na mwenye kichwa kubwa na kravate. Papa Dominique alisimama katikati ya njia, akasema huyu kijana ameharibu avenue. Yeye! Na ile ngoma mu tumbo!

Lakini niliona kintu. Saa ya chai Rosalie alipita nyuma ya nyumba, na kikombe ya bleu chini ya nguo. Nikamukamata: aha, umevunja grève! Akasema: "Kambo si patron."

Siku ya Mungu, 12/7

Misa. Padri alihubiri juu ya kuachilia batoto badogo. Mustari ya kwanza yote ikageuka kuniangalia.

Kazi moja, 13/7

Nimemaliza grève! Peke yangu. Hata ku kampuni bangeniita.

Rosalie alitoa neno moja tu. Ile ukoko, bukari ya kuungua chini ya sufuria, ile tamu—kila kilio, ni ya batoto. Mukubwa asiiguse. Hata chef. Nikasema na Papa Dominique je, anapendaka ukoko kupita Mwenyezi Mungu. Rosalie akasema basi, grève. Nikakubali. Tulitema mate mu kiganja, tukapeana mukono. Mate yake ilikuwa mingi, nafikiri kwa makusudi.

Kisha akauliza kilio ya kwanza itakuwa lini, iko na njaa ya ukoko. Nikamwambia, mutoto weye, uliza Mungu.

Kazi ine, 16/7

Bale batoto ni bachawi! Mama anamutuma Rosalie kununua chumvi ya juma nzima. Rosalie ananunua kijiko moja tu ya chumvi. Ting! Anatoka, anazunguka nyumba, anaingia tena: "Jambo Papa Lukumani!" sawa vile hajamuona tangu Noeli. Kijiko ingine. Ting! Nyuma yake batoto bote, mustari inazunguka butike sawa mukaba. Ule mwingine alinunua kiberiti moja-moja, njiti kwa njiti.

Papa Lukumani hana tena sauti. Anasema kwa vidole. Alinivuta karibu, akaninongonea: "Nilikubali mutoto wa Kikula, umeniletea nzige."

Binti anafurahi. Anatupa bonbon toka mbali, akipatisha anapiga makofi. Aliniambia kumbe siko mujinga sawa kravate yangu. Nilimweleza Stanislas ile neno. Akasema kravate ni yake. Hajue mapendo, ule.

Siku ya posho, 18/7

IMEJAA! Bonbon zilianza kuanguka inje. Papa Lukumani akamwanga vyote mu gunia, akapangusa sufuria na shati ya kale, akaninyoshea kwa mikono mbili.

Niliibeba ku kichwa. Njia ya kurudi kwetu ni fupi, lakini tulipitia avenue ya chini. Tulipita pole-pole. Stanislas alipiga sufuria na fimbo, batoto nyuma banaimba, bale batu ba kiburi balitoka ku milango na sahani mu mukono. Sikubasalimia. Bon, nilibasalimia, lakini na kidevu.

Kwetu Kambo alitoka mu jua na blanketi yake. Akaigonga na kidole, akaweka sikio. "Inasema," akasema. Kisha akataka kuipima. Namna gani, Kambo? Akasema muniweke ndani.

Tulimubeba, minye na Stanislas. Nilifikiri atakuwa muzito.

Akaingia yote! Akakaa ndani, magoti ku kidevu, kitambaa yake tu ndiyo inaonekana, anageuza kichwa huku na huku sawa kifaranga. Avenue nzima ilianguka chini kwa kucheka. Papa Dominique aliomba na yeye aingie, bakamwambia hapana, itapasuka. Binti alikuja kuona, alicheka mpaka akafuta machozi.

Kambo akasema: "Itatosha batu bangu bote. Munitoe." Na mbele ya bote, mbele ya Binti: "Bwana yangu, weye ni mwanaume."

Mwanaume! Mulisikia? Mwanaume!

Siku ya Mungu, 19/7

Asubui Kambo hakutuma Rosalie. Kikombe ya bleu ilibakia pa musumari. Nafikiri fête ya jana ilimuchokesha.

Kazi moja, 20/7

Kambo anagawa vintu. Mbabula kwa Mama. Rozari kwa Rosalie. Tumbako kwa Papa Dominique, ajaze nafasi yenye ilibakia mu tumbo. Stanislas akapewa kitambaa ya kushonesha kravate. Batu banacheka, na yeye anacheka, bila sauti.

Kwangu akasema: "Weye nakuacha. Nimekupa talaka. Enda kwa ule wa butike." Bote bakapiga makofi. Na minye nilicheka. Kidogo.

Hatake chai. Hatake dawa ya masista. Mama anamubembeleza na uji, anageuza kichwa: ya nini? Sufuria iko.

Rosalie akauliza Mama kama ukoko itakuwa kesho. Mama akamupiga kofi. Kisha akamukumbatia, bakabakia vile, mulangoni.

Kazi mbili, 21/7

Naandika juu ya matako ya sufuria, inje ya butike ya Papa Lukumani.

Leo asubui niliingia kwa Kambo, nikapiga kelele: bibi yangu, baliiba sufuria! Batu ba avenue ya chini! Akafungua jicho moja. "Nani?" Sikungoja. Sufuria nilikuwa nilisha kuificha nyuma ya choo. Nikaibeba, nikapita njia ya majani, hakuna ngoma, hakuna wimbo.

Nikamwambia Papa Lukumani aitundike tena ku plafond. Iko na tundu. Akaangalia ndani, akaigeuza ku jua. Akasema haioni. Nikamwambia basi hata bila tundu. Nitamufagilia butike. Nitamubebea magunia. Batoto banaweza kurudia kununua kijiko-kijiko, hata mwaka nzima.

"Kijana," akasema, "nilikuambia. Matabisi hairudishwe." Lakini akavua kofia wakati wa kusema. Kisha akaingia ndani.

Binti hakucheka. Ningependa acheke. Aliniletea kiti, nikabakia juu ya sufuria.

Bon. Hapa hakuna mwenye kusoma, naandika vile iko. Mugriki haikuwa neno. Fagio haikuwa neno. Grève niliimaliza. Kintu moja tu njo iliharibika kweli, na ni minye: niliileta. Niliombea Kambo sufuria ya kufa, kwa kinywa hii, mbele ya batu, na sikusikia nasema nini.

Rosalie ametokea pa kona. Anakimbia. Kama Kambo amekasirika na avenue ya chini, kama ametaka chai, basi amemutuma na kikombe ya bleu. Jua iko ku macho yangu, sione mukono yake. Namuuliza Binti: ameshika kintu? Binti ameweka mukono juu ya macho. Anasema ngoja. Anasema ngoja, afike karibu kidogo—