Maziwa Niliyokunyima

Amina abaayo, dada yangu, mke mwenzangu,

Huko uliko Mungu akupe nafasi. Mimi niko hapa Garissa, mzima, mdomo bado haijachoka. Anayeandika ni mwalimu jirani. Anataka kunyoosha maneno yangu, nimemkataza. Kiswahili hii nilifundishwa na wewe, ulipokuja bibi arusi kutoka Masalani, hujui Kisomali hata ya kuomba chumvi.

Mbuzi yako nyeupe imezaa. Mbili, zote jike. Ile mlango nayo bado inalia, fundi ni muongo... haya, nirudi.

Habiba, dada ya marehemu mume wetu, anazunguka mtaani anasema nimekuua na njaa. "Mke mwenza ni mke mwenza tu. Alimnyima maziwa." Amesema mpaka wazee wameniita Ijumaa baada ya swala. Niape kwa Kitabu kuwa sikukunyima, watu wanywe chai, yaishe.

Sasa wewe unajua. Ugonjwa ilianza kwa ulimi. Ukaongea kama mtu ana kaa la moto mdomoni, mimi nikakucheka. Halafu mate ikaanza kutoka, tukasema jini. Tumbo ikafunga, Habiba akaleta sanamaki ya kuharisha. Na ukakonda. Kwetu mtu akikonda dawa ni maziwa, nani hajui? Mimi mwenyewe ndiye nilikumiminia ile kikombe, maziwa ya ngamia, bado ya joto. Ukapaliwa. Ikaenda njia ya pumzi, midomo ikawa nyeusi, nikakupiga mgongo nikilia.

Yule daktari, kijana wa bara, alitueleza polepole. Tumbo ya huyu mama haina makosa, njaa iko. Mishipa ya kuamrisha nyama ya mwili ndiyo inakufa, ya ulimi, ya koo. Mate haijazidi, ni kumeza imeshindwa. Choo inafunga kwa sababu hanywi vya kutosha, hatembei, na nyama ya tumbo haina nguvu ya kusukuma. Kitu nyepesi ni mbaya, inakimbia kabla njia ya pumzi haijajifunga. Mpe nzito. Nikauliza, na dawa ya kuponya? Akaangalia viatu yake.

Basi nikakunyima. Nikakupa maziwa ya kuganda, kijiko kidogo, kidevu chini, meza, ngoja, meza tena. Uji nzito na samli ndani. Chakula moja, asubuhi yote. Wageni wanachungulia: "Angalia, anampimia kama dawa ya panya." Wewe ukicheka unapaliwa, mimi nawafukuza.

Halafu siku ile ikaja maziwa mbichi kutoka Sangailu. Ulikuwa huongei tena. Ukaangalia chombo, ukaniangalia mimi, ukaangalia chombo. Nikasema hapana. Ukafunga macho mpaka jioni, hukunifungulia. Nilienda nyuma ya nyumba nikainywa yote mimi, usiione. Hiyo sijaambia mtu. Mwalimu, andika.

Ulienda kwa pumzi kuisha, Amina. Hukupaliwa. Misimu mbili ya mvua tulipata baada ya maneno ya daktari, sisi wawili na kijiko.

Wazee ni watu wazuri. Mmoja ameniambia pembeni, "Mama, apa tu, nani atakuuliza tena?" Siwezi kushika Kitabu juu ya uongo. Na msamaha kwa Habiba siombi, hata ukoo yote ikinitenga.

Lala vizuri, abaayo. Sheikh anasema huko peponi kuna mito ya maziwa. Kunywa mbichi, kunywa mpaka ikumwagikie kifuani, huko koo ni yako.

Ijumaa niachie mimi. Nakuahidi nitasimama mbele yao wote, Habiba akiwa pale mbele, niseme: Nilimnyima. Kwa mkono hii. Na akirudi kesho na koo ileile, nitamnyima tena.