Chiti za Kwenda Nyumbani

Jumatatu, 1 Julai 1974

Mimi ni jenerali! Mwalimu Oduor ametangaza leo: siku ya wazazi, tarehe ishirini, darasa letu litaigiza vita vya Wamarekani, Kaskazini na Kusini, walipopigana wenyewe kwa wenyewe juu ya utumwa. Kwa Kiswahili, maana siku hizi serikali inataka kila kitu kwa Kiswahili. Na darasani Kiswahili ni chetu sisi Wanubi, kwa hiyo nimepewa kuandika mchezo na kuongoza Kaskazini. Kusini imemwangukia rafiki yangu Amito kwa kura. Amenuna hadi kengele ya mwisho—eti yeye apiganie utumwa! Nikamwambia ajipe moyo, atashindwa mapema.

Alhamisi, 4 Julai

Kumbe vita si bunduki tu. Kaskazini walikuwa na reli, viwanda, nyaya za telegrafu. Wakazifunga bandari za Kusini kwa manowari, pamba ikaozea ghalani, chumvi ikaadimika. Watumwa wakatoroka mashamba, wakavaa sare, wakarudi na bunduki. Watu wa Kusini wakakaanga viazi vitamu, wakasaga, wakaita kahawa. Sisi tunapanga foleni ya sukari na hakuna aliyetufungia bandari—hilo Mwalimu hakulisema, nalisema mimi hapa.

Tumeipika hiyo kahawa kwa akina Amito, Mulago. Mama Amito ameonja, akatema dirishani. Baba yake, Sajini Okullo, amemaliza kikombe kizima bila kukunja uso. Anasema kambini amekunywa mabaya zaidi. Nampenda sana yule mzee.

Jumapili, 7 Julai

Sajini Okullo hajarudi kutoka kambini tangu Ijumaa. Mama Amito anasema yuko safari. Wenzake wawili, Waacholi kama yeye, nao wako safari, na Waacholi wa jeshini wakienda safari siku hizi hawarudi. Sina hamu ya kuandika.

Ijumaa, 12 Julai

Leo Mwalimu amefika mwisho wa vita. Jeshi la Kusini lilipojisalimisha, askari hawakunyongwa, hawakufungwa. Kila mmoja alipewa chiti: nenda nyumbani, usisumbuliwe. Darasa zima likacheka! Mwenzetu Wahabi akauliza kama hayo yametokea kweli au Mwalimu anatutania. Amito peke yake hakucheka.

Sasa, chiti bila muhuri ni chiti gani? Kampala hii hata kuku akivuka barabara ataulizwa chiti. Baba ni karani wa jeshi, na muhuri wake hauachi ofisini, huufunga kwenye leso pamoja na pedi ya wino na kurudi navyo. Magharibi alipokwenda msikitini nikaufungua—pa! pa! pa!—chiti thelathini, safi kabisa. Maandishi yangu juu: "Mwenye chiti hii amemaliza vita. Anakwenda nyumbani. Asisumbuliwe njiani." Muhuri nimeurudisha. Pedi ya wino nimeisahau mkobani mwangu, na usiku Baba ameitafuta hadi chini ya kitanda. Nimejifanya namsaidia.

Jumatatu, 15 Julai

Mazoezi. Viatu vya Baba vinanipwaya, natembea kama bata. Mwalimu ameuliza muhuri nimeutoa wapi, nikasema nimeuchonga kwa kiazi. Akanisifu!

Amito amenikabidhi upanga wake (rula), nikampa chiti. Tulipomaliza hakuirudisha. Akanivuta pembeni. Anataka ile isemayo vita iandikwe upya: isiwe vita, iwe likizo. Na nyingine ya mama yake. "Andika vizuri, Kulusum. Jina lake Laker. Tunaenda mpaka Tororo."

Tororo, na kutoka hapo Kenya si mbali. Nilijua. Sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Nilijua, na usiku Baba alipolala nikagonga muhuri mara mbili zaidi, nikakaza mwandiko.

Alhamisi, 18 Julai

Amito hajaja. Jirani yao anasema waliondoka alfajiri kwenda kupanda basi Nakivubo. Wahabi amechukua nafasi yake na amefurahi mno, anajifunza kushindwa kwa madaha.

Mchana ndipo nikakumbuka: ndani ya muhuri mna jina la Baba. Jina zima, na cheo. Naogopa.

Jumamosi, 20 Julai

Siku ya mchezo. Nilikuwa napiga pasi sare yangu, pikipiki ikasimama mlangoni. Askari. Niko nyuma ya pazia, naandika juu ya goti.

Anamwambia Baba kwamba tangu juzi wameshika wanawake wawili, mama na binti, kwa roadblock, kile kizuizi cha askari pale daraja la Jinja. "Iko na chiti yako, afande. Mukubwa anauliza, ni ya kweli ama ni ya bandia? Kama ni bandia, sisi tunajua ya kufanya." Jibu anataka la maandishi, na muhuri.

Baba anaisoma chiti. Mwandiko huu alinifundisha yeye mwenyewe, akinishika mkono. Akisema bandia, Amito na mama yake wamekwisha. Akisema kweli, kesho ataulizwa tangu lini karani anatoa likizo kwa mke wa Okullo.

Amekaa. Ameomba kalamu ya askari. Anaandika polepole, mstari mmoja, siuoni, ila namsikia akiunong'ona: ni ya kweli. Leso ameifungua. Askari anasema asichelewe, ameiacha pikipiki inawaka na mafuta hayatoshi.

"Kulusum!" Hajapaza sauti hata. "Leta ile pedi ya wino iko kwa mkoba yako."

Naenda.