Bolti Ndefu, Tundu Fupi

Baba,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila shikamoo. Mkono wenyewe unakataa.

Nimemaliza kidato cha nne. Mitihani niliifanya wiki tatu baada ya kukuzika na sijui niliandika nini. Sasa niko hapa nyumbani Ntobeye, nasubiri matokeo na kuchambua maharage na Mama. Gereji yako bado imesimama, na ile pikipiki na pikapu ulizokuwa ukizitengeneza bado zimo. Baba mdogo Filbert alitaka kuing'oa mabati mara tu matanga yalipoisha. Alisema, "Vyuma vya marehemu havizai. Hapa tuanike maharage." Mama akamwambia asubiri hadi mavuno. Ikifika mavuno na hakuna kilichotoka humo kikinguruma, si pikipiki wala pikapu, basi achukue mabati yake. Lakini sikuandikii kwa ajili ya mabati. Nakuandikia kwa sababu nina wivu, na hakuna mwingine ninayeweza kumwambia.

Wivu wangu ni juu ya dada Leokadia.

Nilijua yupo. Hukunificha kwamba kabla ya Mama ulikuwa na mwenzako kule Bisibo, na kwamba una binti mkubwa. Alishakuja hapa Krismasi mbili nikiwa mdogo, mrefu hadi anainama mlangoni, na karanga kwenye mfuko. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mgeni. Ambalo hukuniambia ni kwamba alijua kushika spana kabla yangu.

Siku matanga yalipoisha, wengine wakifunga mizigo, yeye alisimama mbele ya gereji, akaiangalia pikipiki kupitia upenyo wa mbao. Kisha akamwambia Mama, "Mama mdogo, naomba ufunguo. Nataka kumalizia kazi ya Baba." Mama akauvua shingoni, akampa. Hivyo tu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo ya maji kichwani. Hakuna aliyegeuka.

Sina haki ya kumlaumu Mama. Sikuwahi kumwambia nilichokuwa nikifanya na wewe humo gerejini. Unakumbuka mzee Sabasi jirani yetu alivyokuwa akipita na kusema, "Binti yako ana utii, hachoki kukuletea uji"? Wewe ulicheka na kunikonyeza, na mimi nikaangalia chini. Nilifikiri siri ile ni utajiri wetu. Hakuna aliyejua kwamba tenki nililipiga msasa mimi mpaka kucha zikaisha. Hakuna aliyejua kwamba sponji ya kiti niliikata mimi kwa kisu cha jikoni, ukiwa umekaa kwenye kopo la rangi unanielekeza. Na maboksi yale, Baba. Maboksi yalikuwa kazi yangu.

Kabla hujalegeza bolti ya kwanza ya kava lolote la injini, ulinisubiri. Nilichora umbo la kava kwenye kipande cha boksi la sabuni, nikatoboa matundu kwa msumari, na kila bolti iliyotoka nikaichomeka mahali pake. "Bolti zinafanana usoni, hazifanani urefu," ulisema. Ndefu ukiilazimisha kwenye tundu fupi, inafika mwisho, wewe bado unakaza, na alumini inapasuka.

Sasa sikiliza. Wiki ya kwanza dada Leokadia alisafisha kabureta ya pikipiki, akapanga spana zako ukutani, akafagia. Niliketi nje na ungo wangu nikimsikiliza. Kuna bolti ya ekzosi iliyokuwa imeshika kutu, ile iliyokushinda hata wewe. Aliimwagia mafuta ya taa, akangoja, akaweka spana, na nikamsikia akiiambia ile bolti, "Buhoro buhoro, mwana wanje." Taratibu, mwanangu. Maneno yako, Baba, na sauti ile ile ya kubembeleza. Ungo uliniponyoka, maharage yakamwagika uani. Mama aliuliza kama naumwa.

Nilidhani ulikuwa ukiyasema kwangu tu.

Wiki iliyofuata akatoa kichwa mlangoni. "Edi, boksi la kava la klachi liko wapi? Baba hawezi kuwa alilifungua bila boksi."

Kumbe hata maboksi.

Boksi lilikuwa chini ya godoro langu. Nililichukua siku ile ulipopelekwa hospitali na hukurudi, kwa sababu bolti zile nane ndizo za mwisho kuguswa na vidole vyako, na grisi yako ilikuwa bado juu yake. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ilizaliwa pale pale, nikimtazama na mikono yake myeusi.

Nikasema, "Sijui, dada."

Alitafuta siku mbili. Mwishoni akachagua bolti kutoka kwenye kopo la mchanganyiko, akazipima kwa macho, akaanza kufunga. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Niliona anachukua ndefu kwa tundu la chini, lile fupi. Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua, kama wasemavyo wenye maduka kule mjini, lakini sauti haikutoka, na safari hii haikuwa aibu iliyoizuia.

Alumini ilisema *ta*, kama mtu amevunja muwa.

Dada Leokadia aliweka spana chini, akaupitisha ukucha kwenye ufa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, nimekuharibia." Baba mdogo Filbert alikuja jioni ile ile, maana kijijini habari mbaya haihitaji usafiri, akasimama mlangoni akihesabu mabati kwa macho.

Nitakuambia ukweli, maana wewe sasa huwezi kudanganywa. Nilifurahi. Ilikuwa furaha fupi, kama kuonja sukari kabla Mama hajageuka, lakini ilikuwepo. Nilijisemea, umeona, hukumjua Baba kama ninavyomjua mimi. Halafu nikaona wazi kwamba kilichopasuka ni injini yako, na aliyeumia ni binti yako.

Nilikaa na hilo siku tatu. Dada aliacha kula vizuri. Alimwambia Mama atarudi Bisibo, kwamba mkono wake haufai kushika kitu cha marehemu. Siku ya nne, akiwa anafunga begi, nililitoa boksi nikaliweka kitandani mbele yake. Bolti nane, kila moja kwenye tundu lake, na mwandiko wangu: fupi, ndefu, ndefu, ya kati.

Aliliangalia. Aliniangalia.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu unanitazama nikijilaani kama mchawi, na wewe umelilalia?"

"Ndiyo, dada."

"Mwizi wewe! Mdomo mdogo hivyo, kumbe ndani kuna nyoka."

Sikujitetea. Nilisema kitu kirefu kuliko vyote nilivyowahi kusema mbele ya mtu asiyekuwa wewe. Nilisema maboksi ni yangu, tenki ni langu, kiti ni changu, na kwamba yeye amekuja amechukua ufunguo na maneno yangu. Nililia hadi kamasi. Nilimwambia nina wivu naye.

Akaketi juu ya begi. Aliligeuzageuza boksi. Kisha akasema, taratibu, "Mimi aliniambia nishike tu. Kuchora alichora mwenyewe. Wewe amekuachia uchore." Akafuta pua kwa kitenge. "Wewe ulikuwa naye kila siku, Editha. Mimi alikuja na begi la spana mara mbili kwa mwaka, tunafungua injini ya jirani siku mbili, anaondoka. Nilikuwa nikisikia una miaka mitano, una miaka kumi, nakuchukia bila kukujua vizuri. Sasa nani amwonee wivu mwenzake?"

Nikaketi kando yake juu ya begi. Mpaka leo najiuliza.

Lile kava tulilipeleka wote wawili kwa fundi mmoja mjini Ngara anayejua kuchomelea alumini. Limebaki na kovu nene, halipendezi, lakini halivuji. Kufunga tulifunga pamoja, yeye akishika spana, mimi nikimpa bolti kutoka kwenye boksi moja moja. Tulipofika kwenye tundu la chini alinipa spana. Nilikaza mpaka pale mkono unapokuambia basi. Buhoro buhoro, tulisema wote mara moja, tukacheka, halafu hatukucheka tena.

Iliwaka kiki ya sita, Baba. Kuku walikimbilia migombani. Mama alitoka na mwiko. Mzee Sabasi aliita kutoka kwake, "Fundi amefufuka?" Baba mdogo alikuja, akaisikiliza, akasema moshi ni mwingi, lakini hajayataja tena mabati.

Kisha dada Leokadia akapanda. Hapo wivu wangu ulirudi wote, kana kwamba haukuwahi kuondoka. Niliona ndiye atakayeitoa getini, ilhali uliniahidi mimi. Lakini alipokaa, magoti yalipanda hadi karibu na hendeli, kama panzi. Alijaribu kusogea nyuma. Alijaribu kutanua miguu. Mama alianza kucheka, mkono mdomoni. Unakumbuka ulivyoikata ile fremu ukashusha kiti, na mimi nikakuuliza kwa nini unaiharibu pikipiki nzuri, ukasema tu, "Subiri"?

Dada akaizima. Akashuka, akapiga vumbi kwenye kiti kwa kiganja.

"Hii haikukatwa kwa ajili yangu," alisema. "Panda wewe, mfupi."

Nyayo zangu mbili zilifika chini, Baba. Zote, na visigino.

Niliitoa getini. Nilikwenda hadi njia panda na kurudi, gia ya kwanza tu, naogopa.

Pikapu bado iko juu ya magogo. Mlango wake mmoja ni mwekundu, mwingine hauna rangi, na benchi za nyuma ulizochomelea bado hazijapata mbao. Springi ulizoziongeza kwa ajili ya barabara mbovu ya Murusagamba zimekaa vizuri. Tumekubaliana: dada ataenda Bisibo kuvuna, atarudi, na ufunguo utabaki kwangu. Alinivisha shingoni yeye mwenyewe. Hata hivyo alipopanda gari la kuondoka nilimwona anajifuta macho na kitambaa chako cha bluu, na nikajiuliza ulimpa lini, na kwa nini si mimi. Unaona? Bado sijapona.

Lakini nakuahidi hili. Safari ijayo nikiona bolti ndefu inaelekea tundu fupi, nitasema. Nitasema kwa sauti, hata kama mkono unaoishika ni wa mtu ninayemwonea wivu.

Lala, Baba. Boksi la injini ya pikapu nimeshalichora. Nimetoboa matundu yote, na pembeni nimeandika majina mawili.

Mwanao,
Editha