Rangi Zilizochajiwa Juani

Jumatatu, 2 Juni
Pete imetoboa glovu tena. Bwana Simbeye, mkuu wetu wa maabara, anasema niivue nikiwa kazini. Sivui. Nina wiki tano tu za ndoa. Labda nikifikisha mwaka.

Asubuhi nzima nimefunga mirija kwa foili. Ndiyo kazi yangu hapa kituoni: kupokea damu, kudondoshea kingamwili, kufunika, kusubiri gizani, kumpa Bwana Simbeye aweke kwenye mashine. Niliishia kidato cha nne. Mengine yote amenifundisha yeye.

Nazipenda kingamwili hizi kuliko kitu chochote cha maabara. Kila moja imebeba rangi yake. Inatafuta kipokezi kimoja tu juu ya ngozi ya seli, inakishika, haiachi. Seli ikipita mbele ya leza, rangi inang'aa, mashine inahesabu moja. Seli isiyong'aa inapita kama haipo.

Jana nilimweleza Luse haya yote. Akasikiliza mpaka chai ikapoa. Mume gani mwingine angesikiliza? Nikamwambia zinang'aa kama nyota zetu. Maana zipo zile za plastiki alizonunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akazibandika kwenye dari la chumba. Unaziwashia taa kwanza, ukizima zinawaka zenyewe.

Jumatano, 4 Juni
Gari la kuleta vifaa kutoka Mbeya limeharibika. Kichupa cha mwisho cha kingamwili kinaelekea kuisha na Ijumaa ni siku ya kliniki. Nikasema mume wangu anashusha viazi Mbeya kesho, kirikuu chake kinarudi kitupu. Bwana Simbeye akafikiri, akakubali.

Luse amefurahi kama amepewa nchi. Ameosha gari.

Alhamisi, 5 Juni
Boksi limefika saa kumi. Barafu ipo, foili imekunjwa vizuri, bora kuliko ninavyokunja mimi. Foleni ya malori ilimshika njiani, pale Chapwa. Ananiangalia na kutabasamu kama mtu aliyeficha zawadi. Nimemuuliza, anasema nitajua mwenyewe kesho.

Nampenda mno. Nimeshaliandika. Si kitu.

Ijumaa, 6 Juni
Siku mbaya.

Asubuhi Bwana Simbeye alipima damu ya kujaribia mashine kwa kichupa cha zamani. Ikasoma vizuri. Kichupa kikaisha, tukafungua kipya, tukapima wagonjwa wanne.

Mmoja ni mama mtu mzima, katoka Kamsamba. Hapa nitamwita Mama tu. Mwaka jana seli zake za kinga zilikuwa zimepanda vizuri. Leo mashine imehesabu chache kuliko siku alipoanza dawa.

Nilipeleka karatasi za wale wengine chumba cha daktari, nikayakuta maneno.

"Mama, dawa humezi."

"Nameza. Saa mbili, taarifa ya habari ikianza. Hata mbuzi wangu wanaijua saa hiyo."

"Damu haidanganyi, mama."

"Basi hiyo si damu yangu."

Alitoka bila kuaga. Alinipita mlangoni, khanga kaishika mdomoni.

Jumamosi, 7 Juni
Mchana. Ugali na kambale. Luse akauliza kama nyota zangu za maabara ziliwaka.

Nikauliza nyota gani.

"Si nilikuchajia. Foleni haikusogea tangu saa sita mpaka saa tisa. Nikazitoa kwenye foili, nikazipanga dashibodi zipate jua. Halafu nikafunga vilevile."

Nikaacha kula. Rangi hizi si kama nyota za dari. Jua linaziua. Ndiyo maana ya foili yote ile, na sikumwambia hilo. Nilimwambia uzuri wake tu.

Nilipomweleza, alikaa na tonge mkononi. Akauliza kama kuna mtu ameumia. Nikasema sijui.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri.

Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Tutaagiza boksi jingine, nitasema hili limeharibika baada ya vipimo. Luse hatatajwa. Bwana Simbeye alimwamini kwa ajili yangu. Nimeona aibu ya Luse tangu jana. Hajaimba hata anapooga.

Lakini Mama ameambiwa ni mwongo. Na kama rangi zilikufa, seli zake zilipita mbele ya leza zikiwa nzima, hakuna aliyeziona. Hilo najua mimi na Luse tu.

Nampenda kiasi cha kutaka kudanganya. Sikupenda kulijua hilo.

Jumatatu, 9 Juni
Nimesema. Kabla ya kuvaa koti.

Bwana Simbeye alivaa glovu. Alichukua damu ya kujaribia, akaipima kwa kichupa kipya. Siku nyingine seli hukusanyika kwenye skrini, kundi limejitenga upande wake. Leo kundi limeshuka, limechanganyika na zile zisizo na rangi. Tukaangalia wote wawili.

Kisha akasema, "Na mimi nilifungua kichupa kipya bila kuijaribu mashine upya. Andika kwenye kitabu cha makosa. Majina yote mawili, lako na langu."

Nimeandika. Luse hatabeba tena vitu vya maabara. Watatu wamepigiwa simu, watarudi. Simu ya Mama haipatikani.

Jumanne, 10 Juni
Dada Atupele, muuguzi wetu, ameenda Kamsamba. Luse ndiye aliyempeleka, aliomba mwenyewe. Aliambiwa tu kuna mtu anatafutwa. Akasimamisha gari kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akabaki humo na joto lote lile. Hakuuliza ni nyumba gani.

Atupele kanisimulia. Alipiga magoti, akasalimia, akasema kosa ni letu. Mama akaenda jikoni akarudi na kopo la chumvi. Dawa zilikuwa ndani. Hajameza tangu Ijumaa. "Nikimeza wanasema simezi. Sasa nimeze ya nini?"

Siku nne. Nilipiga hesabu mara mbili. Ningenyamaza, zingekuwa ngapi?

Alimeza mbele ya Atupele. Akasema atakuja, kwa kuwa safari hii ameitwa kwa heshima.

Ijumaa, 13 Juni
Boksi jipya lilifika jana. Tumelijaribu kwanza. Kundi lilikaa mahali pake.

Damu ya Mama nimeifunika kwa foili mara mbili. Mashine ikahesabu. Zimepanda kuliko mwaka jana. Nilikwenda chooni nikalia kidogo.

Daktari alisimama kumpokea, akaomba radhi.

"Nimekusamehe," Mama akasema. "Ila na wewe daktari utafutiwe mashine ya kupima masikio."

Akiondoka aliona pete kwenye glovu iliyotoboka. "Bibi harusi, mbona umekonda? Mumeo hakulishi?"

Nikamwambia ni mume wangu aliyeanika rangi za kipimo juani. Alitaka zing'ae kwa ajili yangu.

Mama aliigusa ile pete. "Mwambie mapenzi yake ayaanike kwingine," akasema. Akajifunga khanga, akaenda kutafuta gari.

Kazi ilipoisha Bwana Simbeye alimruhusu Luse aingie aone damu ya kujaribia kwenye skrini. Alivua kofia. Akauliza mng'ao uko wapi. Nikamwonyesha: kila nukta ni seli moja iliyoshikwa ikang'aa, mara moja, ndani ya mashine, mahali ambapo hakuna jicho. Akasema basi hakuna aliyewahi kuuona. Nikasema hakuna.

Jumapili, 15 Juni
Baridi. Tumeshinda ndani. Luse ametengeneza kiti, mimi nimechambua maharage. Asubuhi ameimba bafuni, vibaya kama kawaida.

Pete nitaivua kazini kuanzia kesho. Nimemwambia, akasema sawa, niifunge kwenye foili.

Saa mbili. Taarifa ya habari imeanza. Luse alinyoosha mkono apunguze sauti, nikamwambia aiache.

Kamsamba nako imeanza, na mbuzi wanaijua saa.