Mume Wangu Ameona Majina, Mimi Nataka Kumsikia Mama

Mpendwa Baji Shagufta, dada yetu mkubwa, naomba msaada wako, wala usidhani nimekuja kulia, nina raha zangu alhamdulillahi, ila jambo hili limenikaa kooni. Mimi sioni tangu utotoni, nafundisha mabinti Kurani hapa Multan, Pakistan, na kompyuta naitumia kwa kisoma skrini, ile programu inayonitamkia yaliyoandikwa kwenye kioo, ambayo mume wangu Ghazanfar huiita mke mwenzangu kwa jinsi isivyonyamaza. Humo nina nyimbo za marehemu mama yangu, nilizomrekodi akiimba za harusi na za kubembeleza watoto, na sasa kompyuta inaunguruma kama birika, fundi kasema diski yake imechoka, tutoe vitu vyetu aitupe aweke mpya. Basi nikachomeka diski ya nje nikaanza kunakili mwenyewe, katikati ya kazi ikaadhiniwa Alasiri, na kwetu adhana ikianza hata kijiko hakigongi kikombe, nikaizima sauti, lakini mkono, Baji, mkono ukaendelea, nikabonyeza enta, na enta tena, huku namwitikia mwadhini. Nilipowasha sauti nikaambiwa kazi imekwisha, tena upesi kuliko nilivyotarajia. Ghazanfar akachungulia, akasema, "Bibi wee, yote yamo, nimeyaona kwa macho yangu." Nikamwambia ngoja nami nisikilize. Akanuna: "Miaka yote hii mimi huniamini, unamwamini huyo mwenzio wa bati?" Jumamosi anaipeleka kwa fundi. Ni mume mwema, Baji, samaki hunichambulia miiba kabla hajala yeye. Nikikagua, sitakuwa nimemvunjia heshima?

Tehmina, Multan

*

Tehmina dada yangu, pole, lakini hapo ulipotea. Adhana hutuita tuache kazi, haituiti tuifanye kimyakimya. Ikianza tena, mikono mapajani! Kubonyeza enta bila kusikia swali ni sawa na kumwitikia mposaji kabla hajasema anamposa nani. Huenda kompyuta ilikuuliza, "Faili hili limegoma, tuliruke?" nawe ukasema ndiyo, ndiyo.

Ghazanfar hakukudanganya. Ameona majina ya mafaili. Lakini sauti ya mama haionekani, hata kwa mwenye macho mawili na miwani juu yake.

Kwa hiyo kompyuta isitoke nyumbani kwanza, fundi atangoja. Chomeka diski ya nje, nenda kwenye folda ya nyimbo, umwache huyo mke mwenzio akusomee idadi na ukubwa wake, kisha akusomee ya kwenye kompyuta. Zikitofautiana, nakili upya, na kila swali ulisikie hadi mwisho. Halafu cheza nyimbo kutoka kwenye diski ya nje yenyewe, mmoja mmoja. Zikitimia, toa nakala nyingine ikalale kwa ndugu yako, maana chombo kimoja hakina dhamana.

Na mumeo usimwambie unakagua. Mwambie, "Njoo tumsikilize mama." Mpe chai na kipande kikubwa cha sohan halwa, ile halua yenu ya Multan, mikono yake ipate shughuli, asiguse kipanya. Wimbo ukikatika atausikia mwenyewe, nawe hutahitaji kusema neno. Ukiimbika hadi mwisho, mwache aseme "si nilikwambia," umwongezee chai.