Vitabu Vilivyorudi Kwenye Kilio Chako

Mama Sifa,

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chako, na usinikasirikie, changu kimevunjika mguu. Nina habari ya maktaba yetu. Ningekuja kaburini kuisema kwa mdomo, lakini nikifika pale nalia tu, sisemi kitu cha maana.

Unaikumbuka siku ya wageni. Wafadhili walitaka mtu wao atoke Goma aje aone kama watu wa Ngungu wanasoma kweli, ndipo watusaidie. Bila wao paroko angechukua chumba chake tulichowekea maktaba kiwe ghala la maharagwe, alikuwa ameshatuambia. Wewe ulikuwa umelazwa na ule ugonjwa, lakini amri zilitoka kitandani kama kawaida: "Mugeni hawamupokeake na nguo ya shamba!" Basi tukavivua vitabu nguo. Yale makaratasi ya mifuko ya simenti uliyotufundisha kufunikia kila kitabu, tukayatoa yote ili majalada yang'ae. Vilivyochakaa watu wakavificha nyumbani kwa aibu. Watoto wakaogeshwa, wakapangwa nje kuimba, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa rafu.

Yule Madame aliyetumwa akavitazama vilivyojipanga, akaniuliza: "Vitabu yote iko mupya. Kumbe huku watu hawasomake?" Nilimweleza. Lakini maneno ya mtu anayeomba msaada, nani anayaamini? Jibu la kukataa likaja. Nilikusomea mwenyewe, maana hukutaka nifiche, ukageukia ukuta ukasema: "Njo mimi nimeua proje."

Nikakuambia hapana, si wewe uliyeua mradi. Tangu hapo hukuuliza tena habari ya maktaba, wewe uliyekuwa ukisimama sokoni kuwasomea wauza viazi hadithi, ikinoga tu unafunga kitabu: "Ile ingine mutaikuta ku bibliotek." Watu walikutukana, kisha wakakufuata. Mama, kifo tutakizoea. Kinachoniuma ni kwamba uliondoka na neno lile.

Sasa sikiliza.

Kilio chako kilijaa. Siku ya kumaliza matanga, mjomba wako akasimama kama inavyofanywa, akauliza ni nani ana kitu cha marehemu, aseme mbele ya watu. Nilitegemea jembe, pengine sufuria. Mama Riziki, jirani yako, akasimama wa kwanza, akafungua kitenge, akatoa kitabu cha kilimo. Karatasi lake la simenti lilikuwa jeusi kwa moshi wa jikoni. Akasimama mwingine. Halafu wakasimama wengi, mpaka mjomba akachoka kusema asante. Kimoja kilikuwa na matope ndani, pale pale kwenye habari ya ugonjwa wa viazi. Papa mmoja mwendesha pikipiki alikuwa ametoka Mubi kwa ile njia mbaya, na chake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa viatu, maana wapagazi wa kule walikisoma hadi kurasa zikaanza kutoka. "Mama aliniambia nirudishe nikimaliza," akasema, "lakini kila mutu alikuwa anangoja zamu yake."

Na Madame alikuwepo. Alikuja kutoa pole tu, akakaa nyuma na wamama wa jikoni, wala hatukumpa kiti kizuri. Akaomba kuvishika. Alivifungua kimoja kimoja, vidole vikajaa masizi, asivifute. Akaniuliza kwa nini siku ile hakuonyeshwa hivi. Nikamwambia ukweli: tulikuwa tunamheshimu. Akacheka, kisha akalia, nami nikalia naye. Habari ya mradi sikuigusa, kilio si mahali pa kuombea msaada. Wewe ungeigusa, najua.

Kumbe Madame aliwaandikia wafadhili alichokiona kwenye kilio, na jana jibu jipya lilikuja. Wamekubali. Chumba kinabaki chetu, rafu zitaongezwa, na kuna sanduku la vitabu la kwenda Walikale, kule Mubi ulikotamani vitabu vifike. Niliposoma nilikaa sakafuni. Nilifurahi, na nilikukasirikia pia, Mama, kwa nini hukungoja kidogo. Paroko amepata taarifa, amesema maharagwe yatatafuta pengine.

Vitabu vya kilio havikukaa sana. Mama Riziki alirudi siku ya soko kuchukua kile kile, eti hajafika mwisho. Nikamwandikia jina, nikamtania kwamba mahindi yake yatakuwa na diploma. Sauti yangu sokoni bado ndogo, wauza viazi wananiambia nipige kelele kama wewe. Nitajifunza.

Sanduku la Mubi nitalipeleka mwenyewe, njia ikifunguka. Hilo ninakuahidi, na unajua mimi nikiahidi ninachelewa lakini ninafika. Lala salama, Mama yangu. Mradi haukufia mikononi mwako. Watu waliokuja kukuzika ndio waliouokoa.

Mtoto wako wa kazi ya maktaba,
Espe